Barakoa na Majigambo: Mwanamieleka wa Mexico kama Mhusika wa Sanaa ya Maonyesho

Utangulizi

Jioni, wafukuza ndege wanaporejea kutoka mashamba ya mpunga ya Mwea, mikahawa ya Wang'uru hujaa watu. Runinga ikianza kuonyesha mieleka, chai hupoa mezani. Vijana hushangilia kila anayebwagwa. Mzee aliyeketi pembeni hutikisa kichwa na kuuliza swali ambalo limeulizwa na watazamaji wa kila kizazi: je, watu hawa wanapigana kweli ama wanaigiza? Kijana huapa kwamba ni kweli tupu. Mzee hushikilia kwamba ni uongo mtupu. Mjadala haumaliziki, na siku mieleka inapoonyeshwa tena wote wawili huonekana wameketi palepale.

Kurejea kwao ndiko kunakostahili kuchunguzwa. Mtu hatoki katika ukumbi wa tamthilia akilalamika kwamba mhusika aliyeuawa jukwaani ameonekana nje akinywa soda. Anajua alichokwenda kukitazama. Mbona basi mieleka iulizwe swali ambalo tamthilia haiulizwi?

Makala haya yanamwangalia mwanamieleka wa Mexico, hasa yule wa chama cha Consejo Mundial de Lucha Libre, kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi. Inadaiwa hapa kwamba mwanamieleka huyo ni mhusika kamili wa sanaa ya maonyesho, mwenye jina, vazi, tabia na hadhira inayomjibu, na kwamba ukweli wake haumo katika matokeo ya pambano bali katika kile anachokiweka rehani mbele ya watu. Ili kulithibitisha dai hilo, mifano ya Mexico inalinganishwa na ile ya beni, mapiko, majigambo na gĩcandĩ, ambayo ni mali ya Afrika Mashariki.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuyatatua maneno. Lucha libre ni Kihispania, na maana yake ya moja kwa moja ni pambano huru. Neno mieleka linatosha, ila lina mzigo wake. Katika Kiswahili, kupigana mieleka ni kushikana viungo kwa viungo hadi mmoja aangushwe chini. Huo ni mchezo wa nguvu na hila za mwili, na upo katika jamii nyingi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, anaitaja mieleka pamoja na mbio miongoni mwa michezo ya wavulana, na kueleza kwamba aliyewashinda wenzake alionekana kuwa na dalili za uongozi. Mieleka ya aina hiyo ilikuwa mtihani. Mieleka ya Mexico ni onyesho. Zote mbili zinahitaji mwili uliofunzwa, lakini ya kwanza hutafuta mshindi ilhali ya pili husimulia kisa.

Vazi la usoni nalo limezua utata. Wengine huliita kinyago. Kinyago, kwa kawaida, ni sanamu ya kuchongwa, na huwa kigumu. Anachovaa mwanamieleka wa Mexico ni kitambaa au ngozi laini iliyoshonwa kwa vipimo vya kichwa chake na kufungwa kwa kamba kisogoni. Barakoa ndilo neno linalofaa zaidi, kwa kuwa tangu zamani katika mwambao lilitumiwa kwa kitambaa cha kuusitiri uso. Makala haya yatatumia barakoa kwa vazi la mwanamieleka na kuliacha neno kinyago kwa kazi za wachongaji.

Chimbuko la mieleka ya barakoa

Mwasisi wa sanaa hii kama inavyojulikana leo ni Salvador Lutteroth, Mmexico aliyevutiwa na mieleka alipoitazama katika mji wa El Paso, mpakani mwa Marekani na nchi yake. Mnamo Septemba 1933 aliandaa onyesho la kwanza la chama chake jijini Mexico, katika ukumbi wa Arena Modelo. Chama hicho kiliitwa Empresa Mexicana de Lucha Libre, na katika miaka ya 1990 kikajulikana kwa jina la Consejo Mundial de Lucha Libre, yaani Baraza la Dunia la Mieleka Huru, au CMLL kwa ufupi. Hakuna chama kingine cha mieleka ya kulipwa kinachosifika kwa kudumu muda mrefu kiasi hicho bila kukatika. Mwaka 1956 kilifungua Arena México, ukumbi wa zaidi ya watu 16,000, ambao mashabiki wake huuita kanisa kuu la mieleka. Maonyesho makubwa ya wiki hufanyika humo kila Ijumaa usiku.

Mwaka 1992 Antonio Peña alijitenga na CMLL na kuanzisha chama cha AAA, kilichopenda mavazi ya rangi kali zaidi na miruko ya hatari zaidi. Vyama hivi viwili viliugawana umma wa Mexico kwa muda wa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 2025 ambapo kampuni ya Marekani ya WWE ilitangaza kuinunua AAA. CMLL ilibaki kuwa mlinzi wa desturi za kale.

Barakoa haikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1934 mwanamieleka mmoja kutoka Marekani, Ciclón McKey, alimwendea Antonio Martínez, fundi wa viatu, akamwomba amshonee kitu cha kuuficha uso. Fundi huyo alizoea kupima miguu. Sasa alitakiwa kupima kichwa. Kazi ya kwanza haikumkaa vizuri mwenyewe, lakini McKey aliivaa ulingoni na kuitwa Ajabu Lenye Barakoa. Kutokana na ombi hilo ukazuka ufundi ambao familia ya Martínez iliuendeleza, na sura ambayo dunia nzima sasa huihusisha na Mexico.

Waungwana na wakorofi

Kila mwanamieleka wa lucha libre huwa upande mmoja kati ya pande mbili. Upande wa kwanza ni wa técnicos, wanaopigana kwa ustadi, wanaoheshimu kanuni na wanaompa mpinzani mkono. Upande wa pili ni wa rudos, wanaouma, wanaotia vidole machoni, wanaomdanganya mwamuzi na kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Kwa Kiswahili, inapendekezwa hapa kuwaita waungwana na wakorofi. Neno muungwana lina historia nzito katika ustaarabu wa Waswahili: halimaanishi mtu mwema tu, bali mtu anayejua kinachompasa mbele ya wenzake. Técnico ni muungwana kwa maana hiyo hasa. Nguvu zake zinatawaliwa na adabu.

Mgawanyiko wa namna hii hauwezi kumshangaza mtu aliyesoma historia ya ngoma za Afrika Mashariki. Terence Ranger, katika utafiti wake kuhusu ngoma ya beni uliochapishwa mwaka 1975, alieleza jinsi wachezaji walivyogawanyika katika makundi ya Marini na Arinoti. Marini walijiona kuwa watu wa daraja na elimu. Arinoti walijulikana kuwa kundi la watu wa kawaida na wenye makeke. Mashindano yao yalikuwa ya mavazi, nyimbo, vyeo vya kubuni na gharama za karamu. Watu walijua kwamba cheo cha jenerali alichopewa mchezaji hakikuwa cha jeshi lolote, na bado walikipigania kwa dhati, kwa sababu kupitia mchezo huo waliizungumzia hadhi yao halisi katika mji wa kikoloni.

Ulingo wa Mexico hufanya kazi kama hiyo. Wakorofi wana mashabiki wao, na si wachache. Katika Arena México wapo wanaoketi upande mmoja ili kumshangilia mkorofi kwa makusudi. Mfanyakazi aliyetii amri za bosi wiki nzima hupata usiku mmoja wa kumwona mtu akivunja kila kanuni mbele ya mwamuzi. Na mwamuzi mwenyewe ni mhusika. Anapogeuza uso wakati muungwana anapoonewa, watazamaji hawahitaji kufafanuliwa ishara hiyo. Wameishi chini ya waamuzi wa aina hiyo kazini, barabarani na mahakamani.

Ikumbukwe pia kwamba pande hizi hazikufungwa kwa kufuli. Mwanamieleka anaweza kubadilika, na kubadilika kwake ni tukio kubwa la kisa. Anayemsaliti rafiki yake ulingoni huwa mkorofi papo hapo. Aliyekuwa mkorofi akimwokoa dhaifu, ukumbi mzima husimama. Mwanafunzi wa fasihi atatambua hapa mabadiliko ya mhusika, yule anayeitwa mhusika wa mviringo, yakitendwa kwa mwili bila sentensi moja ya mazungumzo.

Barakoa kama jina

Katika utamaduni huu, barakoa ndiyo jina. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa El Santo, yaani Mtakatifu. Mtu huyo alizaliwa Tulancingo mwaka 1917, akaitwa Rodolfo Guzmán Huerta. Alipigana kwa majina kadhaa bila kuvuma sana. Mwaka 1942 aliingia ulingoni akiwa na barakoa ya rangi ya fedha na jina jipya. Ajabu ni kwamba Mtakatifu huyo alianza akiwa mkorofi, na ilimchukua miaka mingi kuwa muungwana. Katika miaka ya 1950 visa vyake vilichapishwa katika majarida ya katuni, na kuanzia mwaka 1958 akaigiza katika filamu zaidi ya 50, akipambana na majambazi, mazimwi na wanyonya damu. Katika filamu hizo hakuivua barakoa hata mezani wala kitandani. Hakuna mhusika aliyemshangaa, kama vile katika ngano hakuna anayeshangaa sungura anapozungumza.

Maishani pia aliulinda uso wake. Alistaafu mwaka 1982. Mnamo Januari 1984, katika kipindi kimoja cha televisheni, aliinua barakoa kidogo na kuonyesha sehemu ya uso. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, aliaga dunia. Alizikwa akiwa ameivaa barakoa yake ya fedha. Waliomsindikiza kaburini walimlilia Santo. Rodolfo Guzmán hawakuwahi kumjua.

Wamakonde, wanaoishi pande zote mbili za mto Ruvuma na pia katika pwani ya Kenya, wana desturi inayoweza kuufafanua usiri huu. Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago kichwani na kuufunika mwili wote kwa nguo. Kwa mujibu wa jando, ambaye hajaingizwa katika siri hatakiwi kujua ni nani aliye ndani. Waliokwisha kupita jandoni wanajua kwamba ni mtu, tena huenda ni jirani. Hata hivyo, kujua huko hakuivunji ngoma. Kunaifanya jamii nzima kuwa walinzi wa siri moja. Hali kadhalika mtoto wa Mexico anayevaa barakoa ya kununuliwa mlangoni mwa Arena México hadanganywi na mtu. Ameingizwa katika siri inayojulikana na wote.

Tofauti ipo, nayo isipuuzwe. Lipiko wa Wamakonde ni kiumbe cha ulimwengu wa mizimu na huhusiana na mafunzo ya jando. Barakoa ya Mexico ni mali ya mwenyewe, huuzwa, hurithishwa na hulindwa na kanuni. Mtoto wa mwanamieleka maarufu anaweza kupewa jina na barakoa ya babake, kama alivyopewa yule anayejulikana kama El Hijo del Santo, yaani Mwana wa Santo. Urithi wake ni sura.

Dau la barakoa

Kama barakoa ni jina, basi kuipoteza ni kufa. Hapa ndipo ukweli wa sanaa hii unapojitokeza bila utata. Kuna pambano liitwalo la dau, ambapo wapinzani huweka rehani barakoa zao. Asiye na barakoa huweka nywele zake. Akishindwa wa nywele, hunyolewa palepale ulingoni mbele ya umma. Akishindwa wa barakoa, huivua, au huvuliwa, kisha husimama uso wazi na kutamka jina lake halisi, mahali alipozaliwa na miaka aliyoitumikia kazi hiyo. Desturi haimruhusu kuivaa tena.

Tarehe 7 Novemba 1952, Santo alimshinda Black Shadow katika ukumbi wa Arena Coliseo na kumvua barakoa. Black Shadow alikuwa mwenzi wa Blue Demon, naye Blue Demon akaapa kulipiza kisasi. Uhasama wao na Santo uliendelea kwa miaka, hata katika kipindi ambacho wawili hao waliigiza filamu pamoja wakiwa marafiki. Tarehe 17 Machi 2000, Atlantis alimvua barakoa Villano III katika Arena México, na pambano hilo limebaki kuwa kipimo cha mapambano yote ya dau. Mzee aliyekuwa akificha uso tangu ujana wake alitaja jina lake, na watu waliokuja kumzomea wakampigia makofi.

Inaweza kusemwa kwamba matokeo yalikuwa yamepangwa. Naam, huenda yalipangwa. Lakini barakoa iliyovuliwa imevuliwa. Nywele zilizonyolewa zimenyolewa. Siku inayofuata, mtu huyo atatembea sokoni akiwa na uso wake, na hataweza kuirudisha siri aliyoitunza kwa miongo kadhaa. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika dau la barakoa, anayeheshimiwa mara nyingi ni yule aliyekubali, kwa sababu ndiye aliyelipa.

Ni vigumu kueleza uzito wa jambo hili bila kumtaja mwanamieleka mwenye asili ya Mexico ambaye vijana wa Mwea wanamjua zaidi kupitia runinga, naye ni Rey Mysterio. Alizaliwa Marekani mwaka 1974 na kufunzwa na mjombake, aliyelibeba jina hilo kabla yake. Mwaka 1999 kampuni aliyoifanyia kazi Marekani, WCW, ilimvua barakoa katika pambano ambalo wapenzi wengi wa lucha libre waliona halikustahili dau kubwa hivyo. Alipojiunga na WWE mwaka 2002 alivishwa barakoa upya, na mwaka 2006 akatwaa ubingwa wa dunia akiwa ameivaa. Kwa kampuni za Marekani, barakoa ilikuwa vazi la kuuza. Kwa desturi ya Mexico, barakoa iliyopotea haikupaswa kurudi. Kisa hicho kinaonyesha wazi tofauti kati ya vazi la biashara na vazi la agano.

Fanani na hadhira

Mfaransa Roland Barthes, katika insha aliyoijumuisha katika kitabu cha mwaka 1957, alidai kwamba mtazamaji wa mieleka hajali kama pambano limepangwa au la. Anachotaka ni kuyaona mateso, kisasi na haki vikiwekwa wazi machoni pake. Kauli hiyo imenukuliwa na wengi. Hata hivyo, Barthes alimwona mtazamaji zaidi kama anayesoma ishara. Fasihi simulizi ya Kiafrika inaweza kuliongeza jambo moja muhimu: hadhira haisomi tu, inatunga.

Katika gĩcandĩ, ushairi wa mafumbo wa Wakikuyu ulioelezwa na mmisionari Cagnolo katika kitabu kilichochapishwa Nyeri mwaka 1933, wasanii wawili walikabiliana hadharani, aghalabu sokoni, wakitikisa kibuyu kilichochorwa alama. Mmoja alifumba, mwingine akafumbua na kufumba lake. Watu waliowazunguka ndio waliokuwa mashahidi wa nani amezidiwa. Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili aliyeutafiti utanzu huo, aliulinganisha na ushairi wa kujibizana wa Waswahili, ambao Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutumia katika karne ya 19 kuwachokoza mahasimu wa mji wake. Katika tanzu hizo, uhasama ni wa kweli na ni wa sanaa kwa wakati mmoja. Mshairi anayemwita mwenzake mjinga katika beti hajamvunjia heshima ya jirani. Amempa nafasi ya kujibu.

Majigambo nayo hufuata kanuni hiyo. Katika jamii ambako majigambo yalitendwa, mtu alisimama mbele ya wenzake, silaha mkononi, akajisifu kwa matendo yake ya kishujaa huku akitembea kwa madaha. Chumvi ilitarajiwa. Asiyetia chumvi hakuwa anajigamba bali alitoa taarifa. Mwanamieleka wa Mexico anapopanda kamba za ulingo, akatandaza joho lake na kuinyoshea hadhira mikono, anajigamba kwa mwili. Anayeinua kipaza sauti na kumtusi mpinzani wake kabla ya pambano anajigamba kwa ulimi. Hadhira humjibu kwa nyimbo, vuvuzela, matusi na sarafu. Ndiyo, sarafu: pambano likiwa zuri kupita kiasi, watazamaji wa Mexico huwatupia wanamieleka pesa ulingoni. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko hakuna tofauti na kumtuza mwimbaji wa taarab.

Maumivu yasiyoigizwa

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba, kwa kuwa lucha libre ni onyesho, haina madhara. Mwili hauigizi uzito wake. Anayeruka kutoka juu ya kamba na kumwangukia mwenzake nje ya ulingo anatua juu ya mifupa halisi. Hata ule ustadi wa kumwangusha mtu bila kumvunja hujifunzwa kwa miaka, na jijini Mexico mwanamieleka hutakiwa kufaulu mtihani wa tume ya ndondi na mieleka kabla ya kupewa leseni. Mnamo Machi 2015, katika mji wa Tijuana, Perro Aguayo Mdogo aliumia shingo katika pambano ambalo Rey Mysterio pia alishiriki, akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Kwa dakika chache pambano liliendelea, kwa sababu waliokuwapo walidhani kulala kwake kwenye kamba ni sehemu ya onyesho. Hapo ndipo mpaka kati ya uigizaji na uhai ulipofutika kwa namna ya kutisha.

Kuna dhuluma nyingine ambayo haikuwa ya kuigiza. Kuanzia miaka ya 1950 wanawake walipigwa marufuku kupigana mieleka katika jiji la Mexico. Waliendelea kupigana katika miji mingine, mbali na kumbi kubwa, hadi marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1986. Kwa zaidi ya miaka 30, sanaa iliyojivunia kuonyesha haki ikishinda ilimnyima mwanamke haki ya kuingia katika ulingo wake mkuu.

Barakoa nje ya ulingo

Kwamba wahusika hawa wana uzito katika jamii kunadhihirishwa na wawili waliotoka nje ya ulingo. Wa kwanza ni Fray Tormenta, yaani Padri Dhoruba. Huyo ni Sergio Gutiérrez Benítez, kasisi Mkatoliki aliyepigana mieleka kwa zaidi ya miaka 20 ili kupata fedha za kuwalea mayatima. Wapinzani wake walipomgundua walisitasita kumpiga padri, lakini mayatima walihitaji kula.

Wa pili ni Superbarrio. Baada ya tetemeko la Septemba 1985 kulibomoa jiji la Mexico, maelfu ya wapangaji maskini walikabiliwa na hatari ya kufukuzwa makwao. Mwaka 1987 akatokea mtu mwenye barakoa nyekundu na manjano, akawa anasimama milangoni pamoja na wapangaji na kuingia katika ofisi za serikali kuwatetea. Hakuwa na uwezo wa kiajabu. Alichokuwa nacho ni lugha ambayo kila mtu aliielewa: afisa aliyemfungia mlango aligeuka mkorofi mbele ya umma. Wapangaji hawakuhitaji hotuba ndefu kulielewa hilo, kwa kuwa walikwisha kufunzwa na ulingo.

Mwaka 2018 serikali ya jiji la Mexico iliitangaza lucha libre kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa jiji hilo. Mchezo ambao wasomi waliudharau kuwa burudani ya watu wa vichochoroni uliwekwa katika daraja moja na tanzu zinazofundishwa vyuoni.

Ulingo wa matope wa Mukono

Afrika Mashariki haijabaki kuwa mtazamaji tu. Mwaka 2023, katika wilaya ya Mukono nchini Uganda, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash na aliyezoeleka kwa kuitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiluganda, alianzisha kundi la Soft Ground Wrestling, yaani mieleka ya ardhi laini. Ulingo wa kisasa ulikuwa ghali mno. Vijana wake walisimamisha nguzo za mianzi, wakafunga kamba, na mahali pa sakafu wakaweka matope. Wavulana kwa wasichana walijifunza humo kuruka na kuanguka, wakajipa majina na mikogo, na video zao zikatazamwa mbali na Uganda.

Msomaji wa Mwea, aliyewaona maksai wakivuruga tope la mpunga, hahitaji kuelezwa kwamba tope huupokea mwili kwa upole lakini huuchosha haraka. Aidha, hahitaji kuelezwa maana ya kutumia kilichopo. Jambo la kuangaliwa zaidi na mwanafunzi wa lugha ni kwamba kundi hilo lilianzishwa na mtangazaji. Kabla vijana wa Mukono hawajajirusha matopeni, kuna mtu aliyewasimulia mieleka ya kigeni kwa lugha yao, akaipa methali zao, utani wao na kicheko chao. Simulizi ilitangulia, ulingo ukafuata.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwanamieleka wa Mexico hawezi kueleweka kwa swali la kweli au uongo. Ana jina linalobebwa na barakoa, upande unaobebwa na adabu au ukorofi, majigambo yanayongoja jibu, na hadhira inayotunga pamoja naye. Ukweli wake upo katika dau analoweka: uso wake, nywele zake na, kwa bahati mbaya, wakati mwingine uhai wake.

Kuna funzo hapa kwa wanafunzi wa Kiswahili. Mara nyingi utafiti wa fasihi simulizi huenda kumtafuta mzee wa mwisho anayekumbuka utanzu fulani, na ni kazi njema, kwani mzee akifa maktaba imeungua. Lakini njiani kuelekea kwa mzee huyo, mtafiti huupita mkahawa wa Wang'uru ambamo hadhira hai inabishana kuhusu mhusika, inachagua upande, inatia chumvi na kusimulia upya pambano la jana kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu. Wanaosimulia humo hawajui kwamba wanatenda fasihi. Gĩcandĩ ilipokuwa hai, walioizunguka sokoni nao hawakuwa na haja ya kulijua hilo. Inafaa mtafiti aingie, aagize chai, na asikilize kabla haijapoa.